Bwana Kikombe na Kiti cha Nyuma

Msikilizaji mpendwa, umewahi kukaa kiti cha nyuma cha gari dogo, kwenye barabara mbovu, huku mgongo unakuuma? Usijibu haraka. Kila mtu amewahi kutikiswa. Tunamuuliza yule aliyehesabu matuta kwa meno, moja baada ya jingine, akiomba dereva asipige hata chafya.

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka fundi wa magari aliyetutoka wiki tatu zilizopita. Alikuwa na miaka sitini na minane. Gereji yake ilikuwa nyuma ya tanuri la mikate, na mjini alijulikana kwa jina moja tu, Bwana Kikombe. Ameacha mke, fundi cherehani. Ameacha binti mmoja, anayeuza madaftari na kalamu katika duka la vifaa vya shule. Na ameacha kigari kidogo cha rangi ya maziwa, alichokuwa akikilainisha kwa miaka mitatu. Miaka mitatu, wasikilizaji. Shikeni hilo.

Habari yenyewe ilianza na bobini. Mkewe aliinama kuokota bobini iliyoanguka chini ya cherehani. Kigurudumu cha uzi, kidogo kama kifungo cha koti. Akainama, asiinuke.

Daktari alisema pingili mbili za uti wa mgongo zimebanana. Akaandika mazoezi ya viungo, mara mbili kwa wiki, katika hospitali ya upande wa pili wa mji. Akiyaacha, alisema, miguu itakufa ganzi, na cherehani ataisikia tu kwa jirani. Kisha akamgeukia mume. "Kwa sasa, ukimsafirisha, mlaze ubavu kiti cha nyuma."

Kwa sasa. Maneno hayo mawili, wasikilizaji, ndiyo yaliyosahaulika.

Sasa kigari. Fundi alikipata kwa mtu mmoja aliyependa mbio na kutazamwa. Mtu huyo alikuwa amekivisha rimu kubwa na matairi yenye ubavu mwembamba, akakata springi ili kikae chini, na upepo akaujaza mpaka tairi likawa jiwe. Binti yao alikuwa akisema ukikanyaga sarafu kwa gari lile, utajua ilitengenezwa mwaka gani.

Njia ya hospitali ilikuwa na matuta manne, shimo moja mbele ya posta, na njia ya reli. Matuta manne, shimo moja, reli moja. Mkewe alikwenda siku ya kwanza, akarudi analia. Siku ya pili akarudi hasemi. Siku ya tatu alikaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Siendi tena," alisema. "Nikienda natibiwa, nikirudi naumizwa. Bora maumivu ya nyumbani, angalau hayana nauli."

Fundi alisimama mlangoni akifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. "Nipe wiki mbili. Nitalilainisha gari hili mpaka usinzie ndani yake."

"Wiki mbili za fundi?" mkewe akamwuliza. "Mwenzangu, mimi pia ni fundi. Wiki mbili za fundi nazijua."

Lakini alikivaa kile kiatu cha pili. Alikivaa kwa sababu ya ahadi hiyo.

Fundi alianza na upepo. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna karatasi iliyobandikwa, imeandikwa kila tairi linataka upepo kiasi gani, na wengi wetu tunaipita kila siku bila kuisoma. Yeye aliisoma, akapunguza. Kisha akatoa rimu zile kubwa, akaweka ndogo, na matairi yenye ubavu mnene unaoweza kubonyea. Kisha akatafuta springi kamili, zisizokatwa. Kisha shokapu, zile pampu zinazozuia gari lisirukeruke. Aliegemea kila kona ya gari kwa uzito wake wote, akaachia, akatazama. Gari likiinuka mara moja na kutulia, shokapu nzima. Likiendelea kuitikia kama mtu anayekubali kila kitu, shokapu imekufa. Zote nne zilikuwa zimekufa.

Na kila alipomaliza jambo moja, alipima kwa kikombe.

Kilikuwa kikombe cha bati, cha bluu, kimebanduka rangi kwenye mkono. Alikijaza maji mpaka kwenye alama aliyoikwaruza kwa msumari. Alikiweka kwenye kiti cha mbele, pembeni yake, ili akitupie jicho huku anaendesha. Halafu alipita ile njia. Matuta manne, shimo moja, reli moja. Akirudi gerejini alitazama maji yamemwagika kiasi gani, akaandika ukutani kwa chaki. Mtu wa kwanza kumwita Bwana Kikombe alikuwa rafiki yake, muuza vipuri vikuukuu.

"Ndugu yangu," muuza vipuri alimwambia, "wenzako wanabeba abiria, wewe unabeba kikombe. Kimeshalipa?"

"Nyamaza. Leo yamemwagika vidole viwili tu. Wiki iliyopita nilirudi na kikombe kikavu."

"Basi kioe."

Wakacheka, wazee wawili, mmoja chini ya gari na mmoja juu ya tairi. Mkewe alikuwa ameketi kwenye benchi la gereji akishona pindo. Naye alicheka kidogo, maana kucheka sana kulimuuma.

Kazi iliendelea. Alibadilisha bushi, zile raba zilizo kwenye viungo vya miguu ya gari, zilizokuwa zimekauka kama maganda ya maharage. Alifungua kiti cha nyuma chote, akatoa sponji iliyovunjikavunjika, akaweka mpya. Akaichonga kwa kisu cha jikoni, akaacha bonde la nyonga na mwinuko wa kiuno. Foronya yake mkewe aliishona mwenyewe. Wiki mbili zilikuwa zimekwisha zamani. Mwaka ulikuwa umekwisha. Wa pili nao ukaingia bila kubisha hodi.

Na tuseme ukweli, wasikilizaji wapendwa, kazi ile ilisaidia. Mama huyu hakuacha matibabu. Alitoka kwenye magongo mawili akabaki na moja, kisha akaliacha hata hilo moja. Mwaka wa pili alikuwa anaweza kukaa wima saa nzima akishona. Lakini garini bado alilazwa ubavu nyuma, kama siku ya kwanza, maana hakuna aliyekumbuka kuuliza kama "kwa sasa" imekwisha. Na nyuma paliendelea kupiga. Katika kigari kidogo namna ile, kiti cha nyuma kimekaa karibu juu ya magurudumu. Kila pigo la barabara linafika pale halijapoa. Fundi yeyote anajua hilo. Naye alijua. Lakini alikuwa akitazama kikombe.

Wakifika hospitali alikuwa akifungua mlango wa nyuma, anainama, anauliza: "Vipi leo, mke wangu?"

Naye anajibu: "Afadhali."

Kila safari, afadhali. Fundi aliipokea kama sifa. Kumbe kuna afadhali ya mtu aliyepona, na kuna afadhali ya mtu aliyechoka kueleza. Ukimtazama mtu usoni utazitofautisha. Ukitazama maji hutazitofautisha.

Binti yao alijaribu. Siku moja alipitia gerejini wakati wa chakula cha mchana, akamkuta baba yake anashangilia. Maji yalikuwa yamemwagika tone moja.

"Baba," alimwambia, "kikombe hakina mgongo."

"Lakini kina maji, binti yangu. Maji hayasemi uongo."

"Maji hayasemi kitu, Baba. Muulize Mama."

"Namuuliza kila siku. Anasema afadhali."

Jioni hiyo binti alimsimulia mama yake. Mama akamjibu huku anatia uzi kwenye sindano, "Mwache baba yako. Ana furaha."

Kuna siku nyingine moja ambayo mama huyu ametusimulia mara mbili, na mara zote mbili sauti ilishuka pale pale. Ilikuwa asubuhi ya mazoezi. Kwa mara ya kwanza alitoka ndani bila kushikwa, akatembea mpaka kwenye gari, akashika mkono wa mlango wa mbele. Alikuwa amevaa gauni la kijani, alilolishona wiki hiyo. Alifungua. Kikombe kilikuwa pale kitini, kimejaa mpaka kwenye alama.

"Ngoja, ngoja, mke wangu!" fundi akaja mbio. "Utanimwagia maji. Leo nimebadilisha raba za injini, nataka kuona."

Akamshika kiwiko kwa upole, kama mtu abebaye yai. Akamfungulia mlango wa nyuma, akamtengenezea mto, akamfunika miguu. Alifanya yote hayo kwa mapenzi. Mkewe alilala ubavu, akatazama kisogo cha mumewe na ukingo wa kikombe cha bluu. Matuta manne, shimo moja, reli moja.

"Vipi leo?"

"Afadhali."

Wasikilizaji, pengine mnamlaumu. Mnasema, ana mdomo, kwa nini hakusema? Tulimuuliza. Akatujibu hivi: "Mtu akichoka, hata sentensi moja ni gunia. Nilikuwa naisogeza kesho hadi kesho."

Mwezi uliopita fundi alianza kukosa pumzi. Kwanza ngazi zilimshinda, kisha spana. Asubuhi moja alikaa kwenye benchi la gereji, hawezi kumaliza neno. Muuza vipuri akampigia simu binti, binti akaja mbio na sare ya duka, amempitia mama yake nyumbani. Wakamlaza fundi mahali palipokuwa na nafasi, kiti cha nyuma, ubavu, kwenye lile bonde alilolichonga mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Binti akashika usukani. Na mama, kwa kuwa nyuma pamejaa, akafungua mlango wa mbele. Kikombe kilikuwa kitini, kitupu. Akakipakata, akakaa.

Ilikuwa safari yake ya kwanza mbele katika gari lile.

Tuta la kwanza, fundi akashtuka. Tuta la pili akashika kiti. La tatu, la nne, akayahesabu kwa meno. Kwenye shimo la posta akaita, "Mama yangu!" Binti akapunguza mwendo mpaka magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Wakavuka reli, chuma cha kwanza, chuma cha pili.

Kisha sauti ikatoka nyuma, ndogo, yenye mapumziko kati ya neno na neno. "Kumbe... huku nyuma... panapiga hivi?"

Binti akashusha gia.

"Na huko mbele?" akauliza.

Mkewe alitazama kikombe mapajani mwake. "Huku mbele pametulia, mwenzangu. Umelitengeneza vizuri."

Fundi alipumua kidogo. "Kitanda usichokilalia," alisema, "hujui kunguni wake. Miaka mitatu, mke wangu. Kwa nini hukusema? Ulitaka nini?"

"Pumzika kwanza. Nitakuambia ukipona."

Hakupona, wasikilizaji wapendwa. Alikaa hospitali siku mbili. Siku ya tatu, saa ya chai ya asubuhi, akatutoka. Jibu lilibaki mdomoni mwa mkewe.

Kwa niaba ya wote wanaofanya kazi katika kipindi hiki, tunampa pole mama huyu, fundi cherehani. Tunampa pole binti yake, aliyeendesha safari ile bila kulia, akaja kulia baadaye katikati ya rafu za madaftari. Tunampa pole muuza vipuri, ambaye anasema bado hajamruhusu mtu kufuta zile chaki ukutani. Bwana Kikombe alale salama, mahali pasipo matuta.

Na sisi tuliobaki? Leo jioni, yupo mtu nyumbani kwako utakayemuuliza "vipi leo", naye atakujibu "afadhali". Usiondoke hapo. Vuta kiti. Muulize tena, umtazame usoni. Na wewe unayejibu afadhali, nawe umechoka, tunajua. Lakini jaribu sentensi moja. Moja tu.

Tulipokwenda kumrekodi mama huyu, hakutukaribisha sebuleni. Tulimkuta uani, ndani ya kigari cha rangi ya maziwa, kiti cha mbele cha abiria. Mlango ulikuwa wazi, mguu mmoja nje, kikombe cha bluu mapajani. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Binti alikuwa ameegemea boneti. Tukamuuliza, Mama, mumeo alikuuliza ulitaka nini. Ungemjibu nini?

Alikizungusha kikombe mapajani. Kisha akaanza kuzungumza. Lakini hakuzungumza na sisi, aligeukia kile kiti cha dereva.

"Kwenye kulainisha gari hukukosea, mwenzangu. Lakini mimi nilikionea wivu kikombe. Nilitaka kukaa mbele. Pembeni yako. Basi."