Uvimbe wa Fundi Cherehani

Asubuhi hiyo kahawa ilitupoelea mikononi. Fundi Cherehani alikuwa ametoka hospitali na bahasha kubwa ya picha za kichwa. Mwezi mzima kichwa kilikuwa kinamgonga, na sisi wa benchi la mbele ya duka lake, kusema kweli, tulishamzika kimoyomoyo. Akaketi, akajifuta macho.

— Kuna uvimbe kwenye ubongo. Lakini si saratani!

Kinyozi akamkumbatia mpaka kahawa ikamwagika.

— Sasa unalia nini, bwana?

— Hata sijui. Nilianza kwa daktari, bado sijamaliza.

Akatueleza. Kichwa kilimuuma kwa sababu ya miwani iliyochoka. Uvimbe umeonekana tu katika kutafuta. Ni mdogo kama harage. Anaweza kupasuliwa, kupigwa mionzi, au kuuacha na kupigwa picha nyingine baada ya miezi sita. Aamue mwenyewe.

— Toa! akasema Kinyozi. Mgeni hajabisha hodi, unamlaza chumbani?

— Wewe ishia kwenye nywele, akamkata Mstaafu, karani wa zamani wa mahakama. Mionzi. Unaingia, unatoka, hata shati huvui.

— Mionzi imkaushe akili? akadakia Kinyozi. Atatushonea suruali za miguu mitatu!

— Usiguswe kabisa, akasema Bonge, muuza matairi. Huenda ndio unaompa ufundi. Ukitoka huo, hata kushona kifungo kutamshinda.

— Basi wako ulidondoka utotoni, akamjibu Mstaafu.

Tulicheka kama watu walioponea chupuchupu. Hatukumwona mke wa Fundi akifika. Mumewe alikuwa amempigia simu kutoka hospitali.

— Shikamoo baba, akamwambia Mstaafu. Shemeji zangu, nimewasikia tangu kule kona. Nani amemuuliza mwenyewe anataka nini?

Bonge akatazama kikombe. Mstaafu akakohoa.

— Nataka kusubiri, akasema Fundi taratibu. Daktari nimemuuliza mara mbili, hakuna haraka. Ukikua, nitapasuliwa. Ila leo nilikwenda peke yangu, sikutaka mke wangu asikie neno baya. Nimekaa kwenye ile korido, hata wa kumwambia naogopa sina. Siku ya picha nyingine sitaki kukaa vile.

Mkewe akasogeza bahasha, akaketi ubavuni mwake.

— Tarehe ngapi? akauliza Kinyozi, simu tayari mkononi.