Sentensi Aliyoifuta Bibi Daftari

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Kokuberwa Rwechungura wa Chamazi, mtafiti wa maisha ya watoto. Watoto wenyewe walimwita Bibi Daftari.

Jina hilo lilizaliwa na kosa. Ripoti yake ya kwanza ilihusu watoto wa Kurasini. Binti mmoja alimsimulia mambo ya nyumbani kwao, naye Kokuberwa akambadilisha jina kwenye ripoti, akaona yamekwisha. Lakini aliacha maneno kwamba mama wa binti huyo anauza chapati kwenye geti la yadi ya makontena. Muuza chapati pale alikuwa mmoja tu. Mtaa mzima ukajua, na mama wa watu akahama kwa aibu.

"Mama alilia wiki nzima," anasema Praygod, mwana wa kwanza wa Kokuberwa. "Halafu akanunua daftari."

Tangu hapo, wasikilizaji wapendwa, hakuchapisha neno la mtoto kabla ya kumsomea mwenyewe. Alirudi na daftari lake, akakaa naye mkekani, akasoma polepole. Mtoto akisema futa, anafuta.

Pale Mwananyamala alikuwepo Loveness, mwenye miaka kumi. Alisema sentensi moja kuhusu baba yake. Waliogharamia utafiti wakaipenda mno, wakataka ikae kwenye jalada. Aliposomewa, Loveness akasema futa. Bibi Daftari akafuta. Wakubwa walimwambia airudishe, la sivyo atafute kazi kwingine. Alikaa miezi minane bila kazi. Hakuirudisha.

Hata mie nilishawahi kumbembeleza aniletee watoto hapa studio waeleze wanavyopigwa. Akaniuliza, redio ikizimwa nani atakuwa nao nyumbani? Nilinuna, nakiri. Leo najivunia kwamba nilimfahamu mwanamke yule.

Loveness sasa ni mwalimu. Juzi msibani, kwa umbea wangu, nilimuuliza sentensi ile ilisemaje. Praygod mwenyewe nilishamuuliza, hajui.

Loveness akatabasamu huku machozi yanamtoka. "Dada, Bibi Daftari amekufa hajamwambia mtu. Na mie sikwambii."

Praygod na familia yote ya Chamazi, poleni sana. Mama yenu ametuheshimisha.

Na wewe unayenisikiliza, mara ya mwisho ulipomsimulia jirani jambo alilokwambia mtoto wako, ulimwomba ruhusa?