Bibi Nyangi Sinda, Mnara wa Maji na Figa la Tatu

Marehemu Bibi Nyangi Sinda alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Gorong'a, Tarime, akiwa binti wa kwanza wa Mzee Sinda. Alisoma hadi darasa la nne, akaachishwa ili alee wadogo zake. Jambo hilo lilimuuma mpaka uzeeni, ndiyo maana hakuna mtoto wake aliyethubutu kutoroka shule.

Tarehe 6 Februari 1971 alifunga ndoa na marehemu Mzee Waitara Kisyeri, akahamia hapa Kenyamonta. Alilima ulezi na mihogo, lakini wengi mlimjua kwa upishi wa misibani. Alifika kabla ya maturubai, akajifunga kanga kiunoni, na ole wake aliyekuja kufunua sufuria kabla ya wakati.

Mafiga ya kawaida yalipasuka chini ya sufuria zile kubwa. Mwaka fulani aliona kwenye kona ya shamba jiwe la zege, imara, kama halina mwenyewe. Akaling'oa, akajitwisha hadi jikoni, likawa figa la tatu. Kumbe lilikuwa jiwe la mpaka, lililowekwa na wapima ardhi wa zamani.

Mzee Waitara alifariki mwaka 2011, akazikwa pembezoni mwa shamba. Tangu hapo marehemu mama alitaka jambo moja tu, alazwe kando yake. Mwaka 2023 jirani yetu, Mzee Oduol, akasema kaburi lile liko kwake.

"Mama Mokami, sina ugomvi na marehemu mumeo," alimwambia mama. "Lakini jiwe la mpaka liko wapi?"

Mpima ardhi, Bwana Ashrafu kutoka Mugumu, alipokuja na kuuliza swali hilohilo, marehemu aliinamisha kichwa.

"Liko chini ya sufuria, mwanangu."

Watu walicheka, yeye hakucheka. Hakuna aliyekumbuka liling'olewa wapi hasa. Ashrafu akanyoosha mkono kuelekea mnara mkuukuu wa tangi la maji pale kilimani.

"Usihofu, mama. Wale wa zamani walipima kuanzia pale juu. Na sisi tutaanzia hapohapo."

Ndio mnara uleule ambao marehemu alisimama kwenye mkutano wa kijiji akataka ukatwe, uuzwe chuma chakavu, kwa kuwa haujampa mtu hata kikombe cha maji miaka nenda rudi. Tunashukuru siku ile hakusikilizwa.

Vipimo vilionyesha kaburi liko kwetu, na kati yake na mpaka imebaki nafasi ya kaburi moja. Marehemu aliketi palepale majanini, akalia kwa furaha. "Ya mtu mmoja," alisema, "tena asinenepe." Tangu hapo, kila alipopita kilimani, aliuamkia mnara shikamoo.

Moyo ulianza kumsumbua Novemba 2024. Alilazwa Mugumu mara mbili, akafariki usingizini, nyumbani kwake, tarehe 9 Juni 2025. Hakufa na hofu, na hilo linatufariji sana.

Ameacha watoto watatu: Mokami, Sinda, na Nice anayesoma wasifu huu, pia wajukuu kumi na mmoja. Wa kwanza kushika jembe la kuchimba kaburi lake leo asubuhi alikuwa Mzee Oduol. Jiwe jipya limesimikwa mpakani. La zamani liko jikoni, limebeba sufuria ya chakula mtakachokula baada ya maziko.

Mama, nafasi yako ilikuwepo. Lala salama kando ya mzee, Mungu akupe amani yake.