Kabureta Mapajani

Basi lilikuwa nusu tupu, lakini mzee mmoja, fundi cherehani kwa futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni, alikwenda kuketi ubavuni mwa mama mwenye sare ya uuguzi. Mapajani alipakata kabureta, kaifunga kwa taulo kama mtoto mchanga. Mimi nilikaa nyuma yao, na masikio hayalipi nauli.

"Ni ya skuta yangu," alisema bila kuulizwa. "Niliinunua nikiwa kijana, ikiwa imeshachakaa. Nikachonga silinda, nikatoboa ekzosi, nikapachika vioo kumi."

"Vioo kumi vya kutazama nini, baba?"

"Vya kujitazama mimi." Hakuona haya hata kidogo. "Sasa mjukuu wangu ameanza kazi, anaitaka ya kwendea kazini. Anaitaka vilevile, na mbio zake zote. Naipeleka hii kwa fundi airudishie ukali."

"Na breki?"

"Breki sikuzigusa. Ni zilezile za kiwandani. Ujana ule nani alikuwa na shughuli na breki?"

"Mimi kazi yangu kufunga plasta watu waliovunjika mifupa, baba. Ipunguze mwendo."

"Nikiipunguza nitakuwa nimempa skuta ya mtu mwingine."

"Basi mpe ya mtu mwingine, ubaki na mjukuu wako."

Dereva alikanyaga breki, sote tukainamia mbele. Basi likasimama palepale alipotaka dereva. Kondakta akauliza nani anashuka kwa mafundi wa pikipiki. Mzee, kabureta kaikumbatia kifuani, alimgeukia muuguzi kana kwamba yeye ndiye aliyeulizwa.