Muriel wa Mstari wa Nyuma

Benchi letu liko nje ya ukuta wa kanisa, pale barabara ya mashambani inapopinda. Kila Jumamosi asubuhi tunabishana juu ya mvua na bei ya dizeli, lakini Jumamosi iliyopita Norris alikuja na redio ya sidii kwapani. Ndani mlikuwa na muziki uliorekodiwa kanisani humo Novemba mwaka juzi: fidla moja ya bwana mmoja wa London, na nyuma yake okestra nzima ya vyombo vya nyuzi. Muriel, mkewe Norris, alipiga akiwa mstari wa nyuma kabisa. Tulimzika Machi. Norris alikuwa hajathubutu kuisikiliza, na sasa alitaka kitu kimoja tu, amsikie mkewe.

Nikamimina chai. Mavis, tunayemwita Redio, akagawa biskuti. Gethin, au Trekta, akavua kofia.

— Mkimsikia mniambie, Norris alisema.

Fidla ilianza peke yake, chini, taratibu, kisha ikapanda. Wenzake wakaingia chini yake wakaibeba. Nywele za mkono zilinisimama, sioni haya kusema.

— Huyo hapo, anayetetemesha, Redio alisema.

— Huyo ni bwana wa London, wewe.

— Basi ule mvumo.

— Mvumo ni yale mafidla makubwa yanayopigwa kwa kusimama. Redio, kula biskuti.

— Mnajua yule bwana hakuvuta pumzi? Trekta alisema. Nimehesabu. Mtu wa kawaida angekuwa kazimia.

— Anavutia mkononi. Wale wakubwa ndivyo walivyo.

— Mimi nasema Muriel wamemfuta. London wana mashine ya kuchuja watu wa vijijini.

— Trekta, uzushi huo.

— Au wamemzidisha. Okestra nzima ni yeye mara ishirini.

Norris hakucheka.

— Alikuwa akiniambia, siku ukinisikia peke yangu, ujue nimekosea. Basi mimi natafuta kosa.

— Umelipata?

— Hata moja.

 Nilimwonea huruma mpaka chai ikanishinda.

— Lakini si ulikuwepo siku ile? Redio aliuliza.

— Nilikuwa hapa kwenye kona na fulana ya kung'aa. Taa nyekundu ya mlangoni ikiwaka kuwa wanarekodi, nasimamisha magari. Sikusikia hata noti.

— Mimi ulinisimamisha na tela la viazi, Trekta alidakia. Dakika kumi na nne. Sijasahau.

— Tunajua. Unatuambia kila wiki.

Wakati huo Priya, aliyehamia nyumba ya ng'ambo ya barabara wiki mbili zilizopita, alikuwa amesimama na mbwa wake akisikiliza. Fidla ikapanda mpaka ikawa uzi, ukaisha, na sidii ikaendelea kuzunguka bila sauti.

— Samahanini, alisema. Malori ya barabara hii hunitoa usingizini kila siku. Hapo mwisho hakuna hata baiskeli. Ukimya huo mmeupataje?

Nilimgeukia Norris. Redio alikuwa na biskuti mdomoni, hatafuni. Trekta alitazama kofia yake.

Norris aliishika redio kwa mikono miwili.

— Basi tumo wote wawili, alisema polepole. Yeye ndani, mimi nje.

Akairudisha mwanzo. Safari hii hakuna aliyemtafuta mtu. Tulisikiliza tu, na Norris machozi yalimtoka bila kuyafuta. Fidla ilipokaribia kule juu, tukasikia lori la maziwa likishuka kuelekea kwenye kona.

Trekta aliinuka, akaenda kusimama katikati ya barabara, kofia kaiinua juu kulizuia lori, mpaka muziki ukaisha na ukimya nao ukaisha.