Mzee Sema Tena Hakuwa Msahaulifu

Ndugu, majirani, na nyote mliotoka makwenu kuja kutusindikizia mzee wetu, poleni na safari na asanteni. Maneno haya nimeyaandika mimi mkewe, kwa mkono wangu, na binti yetu wa mwisho ndiye anayewasomea. Nimemwambia asiruke mstari.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951, mtoto wa nne kati ya sita. Baba yake alikuwa fundi seremala na mama yake mkulima. Dada yake mkubwa, aliyekaa hapo mbele, anasema tangu utotoni marehemu alikuwa mtu wa kupanga vitu. Misumari ya baba yao aliipanga kwa urefu kwenye makopo, na ole wake aliyechanganya. Wakubwa waliona ni mchezo. Haukuwa mchezo, ndivyo alivyokuwa hadi juzi.

Alianza shule mwaka 1959 na kumaliza sekondari mwaka 1970. Hesabu aliziweza, mpira hakuuweza kabisa, na mwandiko wake ulikuwa mzuri hadi mwalimu mkuu alimpa kazi ya kuandika majina kwenye vyeti vya wenzake. Mwaka 1972 na 1973 alisomea utoaji wa dawa. Mimi niliishia darasa la tatu, kwa hiyo hayo ya vyeti nawapa kama alivyonipa yeye.

Aliajiriwa tarehe 4 Februari 1974. Alifanya kazi katika hospitali mbili, kisha mwaka 1983 akaletwa kwenye zahanati yetu, na hapo hapo akabaki. Mnalijua lile dirisha lake la mbao lenye tundu la kupitishia mkono. Ukishapewa dawa huondoki mpaka umwambie utakavyoimeza. Ukisema moja asubuhi na moja jioni, anakwambia, "Sema tena." Ukikosea unaanza upya, na foleni nyuma yako inaguna. Wapo waliomkasirikia, na wapo walio hai leo kwa sababu ya kusema tena. Jina likamkaa. Alipostaafu kwenye karatasi mwaka 2011, zahanati ilimwomba aendelee kwa mkataba, naye alikubali akasema ataacha akifika miaka sabini.

Tulifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976. Wakati huo nilikuwa nashona sare za shule kwenye baraza la duka la vitambaa. Alikuja mara nne kupunguziwa suruali ile ile, mpaka nikamwambia ikipunguzwa tena itakuwa kaptula. Mara ya tano akanieleza shida yake. Nilipomkubalia akaniambia niseme tena. Nikamwambia nimeshasema. Hakupata kulisikia mara ya pili, na nilijisifu kwa hilo miaka mingi.

Sasa pikipiki. Siwezi kumweleza mtu huyu bila pikipiki, ingawa nimeisema vibaya maisha yangu yote. Aliinunua mwaka 1987 kwa bwana mifugo aliyekuwa anahamishwa. Mvua zikianza kuchimba barabara aliifunika turubai na kuiegesha chini ya upenu, nyuma ya jiko. Lakini hakuiacha. Kila Jumapili aliifunua, akaiwasha, akaisikiliza kama anavyomsikiliza mgonjwa wa kifua. Mvua zikikaribia kukatika ndipo kazi inaanza. Anamwaga petroli iliyolala, anasafisha kabureta, anapaka mnyororo oili, anakaza breki, anajaza upepo. Mwisho kabisa anafungua plagi, kile kidude kinachotoa cheche injini iwake, anaisugua kwa msasa mpaka ing'ae, na kuilaza kwenye kitambaa safi juu ya kigoda ili aifunge asubuhi. Halafu Jumamosi ya kwanza barabara ikikauka anaondoka alfajiri, peke yake, hadi darajani na kurudi.

Mimi nilimuuliza darajani kuna nini. Alisema kuna daraja. Anarudi saa nne, nyusi zimejaa vumbi, anacheka peke yake, ananieleza ni shamba la nani limechukuliwa na maji na ni nani kaezeka upya. Siku hiyo hata chai ikichelewa halalamiki. Watoto walijua wakitaka viatu waombe Jumamosi hiyo.

Pikipiki hiyo hiyo ndiyo iliyonipeleka kujifungua huyu anayewasomea, mwaka 1989. Aliendesha polepole kwa kuniogopea, polepole mpaka mwenye baiskeli akatupita, na alipotupita akatuamkia na kuuliza habari za nyumbani. Marehemu alimjibu zote. Mimi nilikuwa nauma kanga.

Hapa nikiwa mtu mwerevu ningeandika kwamba tuliishi vizuri, kisha akaugua, tukamalizia hapo. Binti yangu aliniomba hivyo. Aliomba hili linalofuata nimwambie yeye na ndugu zake tu, ndani, lisiandikwe kwenye karatasi za watu. Nimekataa. Baba yake alichafuliwa mbele za watu, hatasafishwa chumbani.

Wengi wenu mnajua kwamba marehemu aliacha kazi mwaka 2019 kwa sababu alianza kusahau. Wengine mlisikia zaidi, kwamba alikosea dawa ya mtoto wa mtu na zahanati ikamwondoa kimyakimya. Nilisikia hilo mashineni, nikisubiri kusagiwa. Mama mmoja alilisema bila kujua niko nyuma yake, wenzake wakamfinya. Nami nikachukua unga wangu nikaondoka.

Mambo yalikuwa hivi. Jumamosi ya tarehe 15 Juni 2019 tulikuwa tunawangoja wakwe, wazazi wa kijana aliyekuja kumwoa binti yetu huyu. Baba wa kijana ni mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa tai. Barabara nayo ilikuwa imekauka wiki hiyo hiyo. Nilimwomba mume wangu asiende mwaka huo. Akasema wageni wanafika saa sita na yeye saa nne yuko nyumbani. Nikamwambia sitaki wakwe wamkute na vumbi kwenye nyusi na oili kwenye kucha kama kijana wa kijiweni, na miaka yake sitini na saba. Akacheka. Alisema, "Si wanakuja kutuona? Watuone."

Nilimwonea aibu. Miaka yote nilimwonea aibu, lile koti lake, ile kofia ngumu, majirani wakitania kwamba mume wangu anakwenda kuposa. Basi alfajiri, yeye akiwa bafuni, nilichukua plagi pale juu ya kigoda nikaitia kwenye mfuko wa aproni. Niliwaza asiende siku moja tu. Nitairudisha.

Alitafuta. Alipindua kigoda, akakung'uta kitambaa, akafungua makopo yote. Aliwaamsha watoto watafute. Koti lake alilipekua mfuko kwa mfuko, mbele yangu, mara tatu. Mimi nilikuwa napanga vikombe. Ningesema pale pale angegomba, tungenuniana mpaka wakwe wafike, tungecheka baadaye. Sikusema, kwa sababu nilishaona watoto wanatafuta, nikaona nitaonekanaje. Wakwe walipofika walimkuta amekaa uani, mikono ina oili kuliko kama angekwenda, na yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia kwamba ameanza kusahau. Walimpa pole.

Jumapili nikataka kutengeneza. Na hili ndilo linaloniuma kuliko lile la kwanza. Nikaitia plagi kwenye mfuko wa koti lake. Katika akili yangu, atalivaa, ataikuta, atafurahi, yameisha. Sikuwaza kwamba mfuko huo ameupekua mara tatu. Mtu anayepanga misumari kwa urefu anajua alipotazama.

Aliikuta jioni. Akaja nayo jikoni, ameishika kwenye kiganja. Hakugomba. Aliniambia, "Mama watoto, mfuko huu nimeutazama mara tatu. Umeniona." Alikuwa ananiuliza. Nami nikamjibu, "Ndio uzee, nawe uzee umekufika."

Nimeandika nilivyosema, neno kwa neno.

Tarehe 1 Julai alikwenda zahanati akarudisha funguo za kabati la dawa. Mganga mfawidhi wa zahanati yuko hapa. Mwulizeni. Amenithibitishia juzi, msibani, kwamba alimsihi abaki, na kwamba marehemu alimwambia mtu aliyeshindwa kuona kitu ndani ya mfuko wake mwenyewe kesho atampa mtoto dozi ya mtu mzima. Amenithibitishia pia kwamba katika miaka thelathini na sita pale hakuna mgonjwa hata mmoja aliyepewa dawa isiyo yake kwa mkono wa marehemu. Hata mmoja. Yule mama wa mashineni, kama umekuja, na wewe umesikia.

Tangu hapo alianza kuandika kila kitu kwenye daftari. Alibandika vikaratasi nyumba nzima, chumvi, sukari, funguo za stoo. Siku moja nilikuta kikaratasi kwenye mlango wa chumba kimeandikwa MKE WANGU, MKALI. Wajukuu walicheka siku nzima, na yeye alicheka. Mimi nilikwenda kukaa chooni.

Pikipiki hakuiuza wala hakuiacha. Mwaka 2020, 2021, 2022 na 2023, mvua zikikatika aliiandaa vile vile, kabureta, mnyororo, breki, upepo. Ile Jumamosi alfajiri anavaa koti, anaiwasha uani, anaiacha ingurume kama dakika kumi, kisha anaizima na kuifunika. Nilimuuliza mwaka wa kwanza mbona hatoki. Akasema akifika mteremkoni akasahau breki je? Nilikuwa nakanda unga. Niliendelea kukanda.

Kila mwaka nilisema mwaka huu nitamwambia. Mtaniuliza kwa nini sikusema. Nilijiambia umri umekwenda, nisimshtue. Nilijiambia watoto watanidharau. Lakini ukweli ni kwamba mume wangu alikuwa mtu wa kujua kila kitu, miaka arobaini mimi ndiye niliyekuwa nauliza. Sasa akawa ananiuliza yeye kama ameshakunywa dawa, kama ameshafunga mlango, leo ni tarehe ngapi. Tarehe alikuwa anaijua, alitaka tu mtu mwingine amhakikishie. Nilipenda kuulizwa. Nimelitafuta neno zuri zaidi la kuandika hapo, sikulipata.

Moyo ulianza kumsumbua Novemba 2023, miguu ikawa inavimba. Tarehe 27 Mei mwaka huu alilazwa. Tunawashukuru wauguzi wa wodi ya pili, ambao aliwasumbua kwa kuwauliza jina la kila kidonge na kuwaambia waseme tena. Jumapili tarehe 2 Juni daktari alimpima akili, kwa sababu kwenye faili imeandikwa msahaulifu. Alimuuliza siku, tarehe, mwaka, akamtajia vitu vitano avirudie baadaye, akamwambia ataje miezi kutoka Desemba kurudi nyuma. Alijibu yote. Vile vitu vitano alivirudia kwa mpangilio, na akamkumbusha daktari kwamba dawa ya saa sita imechelewa. Halafu akanitazama mimi. Alinitazama kama mtoto aliyefaulu mtihani anavyomtazama mzazi wake, anataka kujua kama nimesikia.

Daktari aliniita nje kwenye varanda. Akaniambia, "Mama, huyu mzee hana tatizo lolote la kumbukumbu. Nani alisema anasahau?" Nikamjibu, "Alisema mwenyewe."

Nilirudi ndani, nikamfunika miguu, nikakaa. Nilikuwa na Jumapili hiyo yote, na Jumatatu yote. Alikuwa macho, anaongea. Jumatatu jioni aliniuliza kama barabara imekauka, nikasema imekauka. Nikasema kesho nitamwambia, nikienda asubuhi na uji. Jumanne tarehe 4 Juni 2024, saa mbili na nusu asubuhi, marehemu alifariki dunia. Nilikuwa bado niko njiani na chupa ya uji mkononi. Alikuwa na miaka sabini na miwili.

Marehemu ameacha mke, dada mmoja, kaka wawili, watoto watatu, ambao ni fundi umeme, muuguzi na mwalimu huyu anayewasomea, pamoja na wajukuu saba. Mwalimu mkuu na mkewe, wakwe zetu, nao ni wafiwa, na ninawaomba radhi kwa kuwakaribisha kwenye nyumba yenye uongo.

Watoto wangu, nimewasikia mkiambiana kwamba nanyi mtakuja kurithi usahaulifu wa baba yenu. Hakuna cha kurithi. Baba yenu hakupoteza kitu. Na wewe mume wangu, nimechelewa siku nne na miaka mitano, lakini nasema hapa mbele ya watu wote hawa: ulitazama mfuko mara tatu, na haikuwemo. Ulikuwa sahihi. Haikuwemo.

Apumzike kwa amani, na akili zake zote timamu.