Bi. Kanana na Moshi Ulionukia Uunsi

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Kanana Mwirigi atastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha hali ya hewa hapa Garissa kwa miaka thelathini na mitatu. Alikuja kutoka Meru na sanduku moja, akikusudia kukaa miaka miwili.

Wenzake kazini wameniomba niandike wasifu huu kwa niaba ya kilabu cha hali ya hewa cha shule yetu, ambacho Bi. Kanana amekifundisha kila Jumatano alasiri kusoma picha za setilaiti.

Alianza kwa kupima mvua, kazi ambayo, kama asemavyo mwenyewe, Garissa ilimwachia muda mwingi wa kupumzika. Picha za setilaiti zilipofika kituoni, akajifunza kufuatilia moshi wa mioto ya nyikani: unatoka wapi, unaelekea wapi, na nani atauvuta. Mara ya kwanza kabisa alipiga simu Wajir kuwatahadharisha watu kuhusu moshi mzito. Saa moja baadaye moshi huo ukawanyeshea. Salah, mwenzake wa Wajir, humpigia hadi leo kumuuliza kama kuna moshi, ili atoe ndoo nje.

Tangu siku hiyo hakuiamini tena picha peke yake. Alikusanya nambari za simu za wafugaji katika daftari, na kila alipoona ukungu asiouelewa, alimpigia aliye karibu nao na kumuuliza swali moja: kunanukia nini? Ndipo watu wakampa jina la utani, Kanana Qiiq, yaani Kanana wa Moshi.

Februari mwaka juzi aliona kwenye picha mstari mwembamba wa kijivu ukitoka mashariki na kuelekea kambi moja ya wafugaji. Katika kambi hiyo alikuwamo nyanya yangu, Ayeeyo Bishara, pamoja na mbuzi wake na mdogo wangu Ruweyda, ambaye ana pumu. Vumbi la ukame lilikuwa limefunika kila upande, hakuna aliyeona mbali. Bi. Kanana akampigia mjomba wangu Adow, aliyekuwa nao hapo kambini, naye akacheka.

"Moshi gani, mama? Hii ni fumbi tu. Na leo hewa ni tamu, inanukia uunsi. Lazima kuna harusi mahali."

Uunsi ndio ubani tunaofukiza nyumbani, hasa siku za furaha. Ayeeyo naye alikuwa amekwisha kununa, akitaka kujua ni nani anayeoza binti bila kumwalika.

Bi. Kanana hakucheka. Alijua kwamba utomvu wa uunsi hutoka kwenye miti inayoota upande ule ule wa mashariki, na kwamba hakuna harusi yenye moshi wa kilomita arobaini. Miti yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiungua. Akamwambia Adow amtoe mtoto kwanza, kisha mifugo, na wasikimbie mbele ya upepo bali wakate kaskazini, nje ya mstari. Ruweyda alipandishwa pikipiki ya kwanza. Moto ulifika kambini kabla ya magharibi, ukakuta zizi tupu.

Leo Ruweyda yuko Gredi ya Nne, na nyumbani hakuna anayemshinda kwa kelele.

Wiki iliyopita Bi. Kanana alikikabidhi kilabu chetu daftari lake. Kwenye ukurasa wa mwisho ameongeza nambari yake ya Meru. Jumatano ijayo tutafungua picha bila yeye. Tutakosea, bila shaka, na huenda tukamnyeshea mtu moshi, lakini swali la kuuliza tunalijua.

Mama Kanana, asante kwa kutupa miaka thelathini na mmoja zaidi ya ile uliyokusudia. Tunakuombea afya, mvua ya kweli na hewa safi huko uendako. Ukiona simu kutoka Garissa, tafadhali pokea. Ni sisi, tunataka kujua huko kwenu kunanukia nini.

Hani Mahat, Kidato cha Tatu